Chaki ya Baba Shingoni mwa Bi Mdogo

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu ulipoliegemeza gitaa lako ukutani, ukajinyoosha kitandani na viatu vyako miguuni, ukasema umechoka kidogo, utapiga kesho. Kesho hiyo hukuiona.

Tunakuandikia hapa gazetini kwa sababu watu wengi waliovaa nguo za mkono wako hatujui walipo, na wengi waliocheza kwa besi yako hawakuwahi kukuona uso. Ulikuwa unasimama nyuma kabisa, ubavuni mwa spika. Basi maneno ni yako, na wao wasikie.

Ulikuwa fundi cherehani. Ulishona suti, sare, magauni ya wasimamizi wa harusi. Ulipunguza suruali viuno, na nyingine ukaziongeza, na hizo za kuongeza ulizipokea bila kuangalia tumbo la mwenyewe. Mteja akiingia na aibu yake unamuwahi, "Vitambaa vya siku hizi havifai, vikionja maji tu vinarudi." Anatoka kifua mbele, lawama kaachiwa muuza vitambaa.

Tepu haikutoka shingoni mwako. Mama anasema alishakukuta umelala nayo. Na kwa kuwa mdomo ulikuwa umejaa pini, nyimbo zako zote uliziimbia puani, zile sauti za chini tu, dum, dum-dum. Sisi watoto tulikua tukidhani nyimbo ndivyo zilivyo. Siku dada alipozisikia redioni, na maneno yake na tarumbeta zake, alikuja kukuuliza nani kaziongezea vitu.

Gitaa la bendi ulilolipiga mwanzo lilikukaa kama koti la mdogo wako. Mikono yako mirefu ilikuwa imejikunja juu yake, mgongo umepinda. Ukasema wewe hujawahi kumvika mtu nguo ya kununua tayari, na wewe hutavaa gitaa la kununua tayari. Ukajipima. Bega mpaka kiwiko, kiwiko mpaka kidole, kifua mpaka kiuno. Ukampelekea vipimo jirani yetu seremala, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi Randa. Mbao ukampa wewe: ilikuwa meza ya kukatia ya mzee aliyekufundisha ushonaji, yenye mikwaruzo ya mkasi wake juu.

Siku ya kulichukua tulikwenda wote. Fundi Randa akalitoa chini ya turubai. Mwili mzuri, umekatwa kiunoni sawasawa na ubavu wako. Lakini shingo, Baba. Shingo ilikuwa haina mwisho.

"Fundi," ukamwambia, "mbona hii shingo imehamia mtaa wa pili?"

"Nimefuata kipimo chako. Si umeandika mwenyewe?"

Ukapima. Ukapima tena. Mama akakuuliza taratibu, "Baba watoto, kwenye hicho kipimo uliweka nafasi ya mshono?"

Ukaitazama tepu kama vile ndiyo iliyokuchongea. Uliweka. Mkono ulikuwa umezoea, kila kipimo unaongeza kidogo huku na kidogo huku kwa ajili ya mshono, na gitaa halina mshono.

Fundi Randa alikaa chini juu ya maranda, akacheka mpaka akashika tumbo. "Sasa nikupigie pindo, mzee? La juu au la chini?"

Si hilo tu. Vile vyuma vyembamba vya shingoni, vinavyomwonyesha mpigaji pa kubonyeza, alikuwa amevinakili kutoka gitaa la bendi ambalo shingo yake ni fupi. Ukibonyeza sauti yako, inaitika ya nyumba ya jirani. Mkaving'oa vyote kwa koleo, mkaziba nafasi zake kwa vijiti vya mbao nyeupe, shingo ikabaki laini kama kola iliyotoka pasini. Fundi redio wa mtaani akatengeneza kinasa sauti kwa sumaku za spika zilizokufa, na waya mwembamba kama unywele akauzungushia kwenye kile kigurudumu cha cherehani yetu cha kujazia bobini. Mimi ndiye niliyekanyaga. Ulisimama nyuma yangu ukisema, "Pole pole mama, kama unamkanyagia mtoto aliyelala."

Ulipolichomeka spikani mara ya kwanza vikombe vilihama mezani. Hapakuwa na besi nyingine iliyofika chini vile. Urefu ule wa makosa ndio uliolipa sauti.

Mama akakuangalia ukilipangusa kwa kipande cha mahameli, akasema, "Haya. Mwenzangu kaletwa, na shingo ndefu. Mimi na hii yangu fupi nitaweza wapi." Tangu siku ile gitaa likawa Bi Mdogo. Nyuzi zikikoroma, Bi Mdogo ana mafua. Ukichelewa mazoezini, Mama anakuuliza leo ni zamu ya nani.

Kwa kuwa shingo haikuwa na vyuma, ukatafuta njia ya fundi cherehani. Kila Jumamosi kabla ya kwenda kupiga ulichukua chaki ya dukani, ile bapa ya bluu, ukaweka alama ubavuni mwa shingo, upande unaoutazama wewe. Hapa moja, hapa nyingine. Kiganja kikawa kinazifuta kadiri unavyopiga, na wimbo wa mwisho ulikuwa unaupigia mbao tupu. Jumamosi nyingine unachora upya. Mpigaji mmoja wa bendi nyingine alikuomba gitaa hilo, akaliweka begani dakika chache, kisha akakurudishia. "Mzee, hili lina mwenyewe."

Lakini mimi ulinipa. Nilipomaliza shule ya msingi nilibaki nawe dukani, natoboa vitundu vya vifungo na kukuangalia. Mikono yangu mirefu ilikuwa imenipatia majina mengi shuleni. Ulinipima gauni siku moja, ukafika kwenye mkono, ukatikisa kichwa. "Mikono hii umeniibia. Usiirudishe." Mchana ukiwa hauna wateja ukaniwekea Bi Mdogo mapajani bila umeme, ukanionyesha, na nilipokosea hukusema umekosea. Ulisema, "Umepitiliza kidogo, rudi nyumbani."

Jumamosi ile ya mwisho ulichora alama zote. Ulivaa shati, ukavaa viatu, ukachora, ukaegemeza gitaa, ukajinyoosha. Ndiyo maana alama zilibaki kamili, hakuna hata moja iliyoguswa.

Mama alimvika Bi Mdogo koti lake, lile ulilomshonea kwa kitambaa cha suti na bitana ndani, akafunga vifungo vyote mpaka cha juu. Kiongozi wa bendi alipokuja kuuliza, Mama alimjibu mlangoni. "Bi Mdogo amefiwa kama mimi. Muacheni apumzike." Hatukugusa. Mimi nilipita pale kila siku na ufagio, nikafagia kulizunguka.

Baba, unakumbuka ulivyomwahidi Fundi Randa. Alikuambia Bi Mdogo ni mtoto wake pia, na mtoto hawezi kukosa harusi ya dada yake. Ukampa mkono kwamba binti yake akiolewa, Bi Mdogo atalia siku hiyo. Basi binti alipata mchumba. Fundi Randa akaja, akakaa kwenye kiti chako bila kujua, akajua, akahama.

"Shemeji, nimekuja kwa habari ya Bi Mdogo."

"Bi Mdogo hatoki."

"Sijaja kumchukua. Nimekuja kuomba. Marehemu alinipa mkono wake."

"Aliyetoa mkono hayupo, shemeji yangu. Nifanyeje?"

Akaomba basi amguse tu. Akapitisha kidole juu ya koti, kutoka chini mpaka juu, na kurudi. "Shingo imeanza kupinda. Nyuzi zinavuta na hakuna anayemwangalia. Ama tuzilegeze akae bubu moja kwa moja, ama atoke nimkaze kile chuma nilichompitisha ndani ya shingo, awe anapigwa."

"Akipigwa, chaki itafutika," Mama akasema.

"Itafutika."

Fundi Randa hakubishana. Aliacha chai nusu kikombe akaondoka. Mama alikaa akikitazama kile kikombe, na mimi nilikaa nikimtazama Mama. Nilijua anachoogopa. Nguo zako tulishazigawa. Saa yako anayo kaka. Kitu pekee ambacho mkono wako ulikifanya na kikabaki kama ulivyokiacha ni vile vialama vya chaki.

Siku chache zikapita. Jioni moja Mama alinipitia dukani nikiwa nakusanya vitu nifunge. Mezani kulikuwa na suruali ya mteja, nimeshaichora, sijaikata.

"Na hiyo?"

"Nitaikata kesho, Mama."

Akawa anafungua mdomo aniseme, kama ulivyokuwa ukitusema wewe. Hukuwahi kukubali kufunga duka na kitambaa kilichochorwa. Hata umeme ukatike, hata mvua, ulisema ukichora umeshaamua, ukate ndipo uende nyumbani. Tulikununia sana kwa hilo.

"Baba yako hakuwahi kulaza kitambaa chenye chaki," Mama akaanza. Akavuta kigoda cha wateja, akakaa. Watu walipita nje na mizigo yao na yeye hakuwaona.

"Alichora," akasema mwishowe. "Alichora ili apige."

Akanisogezea mkasi.

"Ikate hiyo suruali. Tukimaliza twende nyumbani."

Nyumbani alifungua vifungo vya koti yeye mwenyewe, kimoja kimoja, vile vile ambavyo vitundu vyake nilitoboa mimi. Alama zilikuwepo, bluu, kama za juzi. Nikamwomba anisubiri. Nilileta karatasi ya kaki tunayokatia mifano ya nguo, nikailaza ubavuni mwa shingo, Mama akashika upande wa juu na mimi wa chini, nikanakili kila alama ilipo kwa penseli. Nilikuwa nabana pumzi nisiipeperushe chaki.

"Usiweke nafasi ya mshono," Mama akasema.

Baba, tulicheka. Ilibidi tukae sakafuni. Mama alicheka huku machozi yanamtoka, na sikutaka kujua yapi ni ya nini. Tangu uondoke nyumba hiyo ilikuwa haijasikia kicheko chake.

Fundi Randa alikuja akamkaza chuma bila kugusa ubavu wenye chaki, amebana pumzi kama sisi. Kiongozi wa bendi akaniuliza kama nitaweza.

"Nitajaribu, kaka."

"Mzee naye alikuwa anajibu hivyo hivyo miaka yote," akasema. "Simama pale pake."

Siku ya harusi nikasimama nyuma, ubavuni mwa spika. Mkanda wako wenye pedi ya begani ulinikaa bila kupunguzwa. Nisiseme uongo hapa mbele za watu: nilikosea. Wimbo wa kwanza nilifuata alama zako jicho likiwa limeganda hapo. Wimbo wa pili jasho lilianza, nikaingia nyumba ya jirani mara mbili, nikarudi. Nilipotazama tena chini, alama zilikuwa zimekwisha, na wimbo ulikuwa haujafika katikati. Nikafumba macho. Nilikusikia puani, na pini zako mdomoni, dum, dum-dum. Nikafuata.

Nilipofumbua, Fundi Randa alikuwa anacheza na binti yake. Nilimwona amemwachia bwana harusi, akaja akasimama mbele ya spika, amegeuza kichwa kama mtu anayesikiliza mlangoni. Na Mama, ambaye alikuwa akikulalamikia kwamba Bi Mdogo anamtikisa kifua, alihamisha kiti chake kutoka kwa akina mama wenzake, akaja kukaa karibu na hapo hapo anapotikiswa.

Tulipomaliza nilipangusa shingo. Mbao tupu. Nikageuza kiganja changu cha kushoto, na chaki yako yote ilikuwa humo, bluu kutoka kidoleni mpaka kwenye kifundo cha mkono.

Dada mmoja akaja na birika na beseni ninawe nipate kula. Mama akamwambia, "Huyu muache kwanza, mwanangu."

Akaushika mkono ule. Hakuuachia mezani, hakuuachia njiani. Tulipofika nyumbani na kuwasha taa, kiganja chake nacho kilikuwa bluu.

Baba, karatasi ya kaki inaning'inia dukani pamoja na mifano ya makoti, na Jumamosi nachora mwenyewe. Alama mbili si sawasawa, karatasi ilituteleza. Nasogeza kidole.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye anasema sasa zamu ni zake zote. Na watoto wako, kaka mwenye saa yako, dada aliyedhani nyimbo hazina maneno, na mimi uliyeniachia mikono. Na wajukuu zako, na dada yako, shangazi yetu, ambaye bado anavaa gauni ulilomwongezea kiuno. Na jamaa wote wa bendi. Na Fundi Randa, aliyesema jina lake lisikosekane hapa.

Mungu akulaze mahali pema. Sisi tutakukumbuka daima, kila tutakaposhika chaki.