Panya Wazazi na Siku ya Wakaguzi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na mwandiko ukipinda unisamehe, mtoto ananyonya na mkono mmoja tu ndio wangu. Naitwa Enyonam, natunza panya katika maabara ya utafiti wa dawa za malaria hapa mjini Ho, na kabla hujashika pua kama anavyoshika mama mkwe wangu, nikuambie kwamba kazi hii naipenda na sioni haya kuitaja, maana dawa aliyopewa mwanangu huyu Yayra alipochemka homa ilipita kwanza kwa panya kama hawa wangu, na mimi nasema kiumbe anayetangulia kwenye sindano kwa ajili ya mwanao anastahili walau kulala pakavu na kushikwa kwa upole.

Sasa mwaka huu tumeomba ithibati, yaani watu wa nje waje wakague kama kweli tunawatunza wanyama kwa huruma, na hakuna sheria iliyotulazimisha, tumeomba wenyewe, na siku tuliyojibiwa kwamba watakuja tulicheza ngoma ya borborbor palepale kwenye korido mpaka mkurugenzi akavua viatu.

Wakaguzi wanakuja Jumatatu. Shida ni Anti Dzifa, msimamizi wetu, na simsemi vibaya, ndiye aliyekuwa akininyang'anya ndoo nzito nilipokuwa mjamzito, ila sasa ameshikwa na wazimu wa usafi, anataka Jumapili kila kizimba kimwagwe, kioshwe kwa dawa na kitiwe maranda mapya, hata vizimba vya panya waliojifungua juzi, na sote tunajua, yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha, kwamba mzazi hasumbuliwi siku za mwanzo, ukimvurugia kiota akakosa harufu aliyoizoea anaweza kuchanganyikiwa akawala wanawe. Niliwahi kuliona hilo, na siku hiyo hata ugali wangu wa akple sikuugusa.

Nilimkumbusha. Akasema, "Enyonam, unataka wageni waingie wapokelewe na mkojo?"

Nikamwambia, "Anti, hata kwangu wageni wanapokelewa na mkojo, nina mtoto mchanga."

Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka. "Tangu uzae umekuwa wakili wa panya," akasema. "Tukinyimwa ithibati, watu nitawatajia jina lako."

Basi nimepanga na mwenzangu Selasi, Jumapili Anti akishatuachia kazi ya kuosha na kuondoka tuvibebe vile vizimba vya wazazi tuvifiche chumba cha kuoshea vyombo, tufunge mlango, Jumatatu Anti aone rafu zinang'aa, wageni wakienda zao tuvirudishe, na hakuna atakayeumia. Lakini tangu tupange hivyo, ule usingizi kidogo niliokuwa naupata nao umekimbia. Mshauri, nifiche au nimtii?

Enyonam, Ho.

*

Enyonam mdogo wangu, mweke mtoto vizuri kwanza, halafu unisikilize.

Kazi yako ni kazi, na mama mkwe ataachia pua siku akichoka. Hilo tuliache.

Umeniandikia kwamba hakuna atakayeumia. Chumba cha kuoshea vyombo kina nini, kama si mvuke, maji ya moto na kelele za mabeseni? Huko ndiko unakompeleka mzazi kwa kumhurumia? Angekuja mtu akubebe wewe na Yayra juu juu hivyo, awafungie humo, halafu aseme alikuwa anawasaidia, ungemshukuru? Anti Dzifa anataka kuwasumbua kwa sabuni, wewe unataka kuwasumbua kwa siri. Kwa panya ni mamoja.

Na hao wageni hamkusukumiwa. Mliwaita wenyewe, tena kwa ngoma. Wakikuta mlango umefungwa na vitoto viko nyuma yake, watajiuliza mmeficha nini kingine, na jasho lenu lote la mwaka mzima litatiliwa shaka kwa sababu ya kitu ambacho hakikuwa hata kosa.

Kumtii nako sikushauri. Lakini mwelewe. Mwanamke huyo hajasahau alichokufundisha, ameogopa kuaibika mbele ya wageni, na mtu aliyeingiwa na hofu hajibiwi kwa mzaha mbele ya wadogo zake. Hapo ulikosea, na utaomba radhi.

Kesho mfuate akiwa peke yake. Muamkie kwa heshima, omba hiyo radhi, kisha mwambie: "Anti, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mzazi hasumbuliwi, na katika jengo zima hili hakuna ninachojivunia kuliko hicho. Niachie vizimba vyao. Jumatatu nitasimama hapo mimi, atakayeuliza nitamjibu." Akikataa, muombe mwende wote wawili kwa daktari wa wanyama wa maabara, aamue yeye. Huko si kumchongea, maana mtakuwa pamoja. Na Selasi mwambie leo hii kwamba mpango umekufa.

Vizimba vingine vyote osheni mpaka ving'ae, wala usivifanyie uvivu kwa sababu umeshinda hoja moja. Jumatatu piga koti lako pasi, mtoto mwachie bibi yake, usimame mahali pako. Wakikuuliza kwa nini vizimba hivi havijaguswa, usitazame chini wala usimtafute Anti kwa macho. Waambie, "Huyu amejifungua. Tunamngoja." Kisha uwaache waandike.