Kubadhi la Diwani

Mpendwa Baba,

Huko uliko najua hakuna kampeni, na kwa hilo nakuonea wivu kidogo. Huku wametuletea pendekezo: wadi zote za kisiwani zivunjwe, diwani asichaguliwe tena na mtaa wake, bali kisiwa kizima kipigie kura orodha moja, na watakaoshinda wawe wetu sote. Niliisoma habari hiyo katika gazeti tunalofungia leso pale dukani Biashara Street. Wajua elimu yangu yote imetoka kwenye karatasi za kufungia. Jioni nikamsomea Mama. Nilipofika kwenye "wadi yetu itaunganishwa na nyingine", akaacha kuchambua mchele, akauliza, "Kwani nani mgonjwa?"

Nilicheka, kisha kicheko kikaniishia. Nilikumbuka ulipolazwa, walivyokuhamisha wadi asubuhi moja bila kutwambia. Mama na mimi tulizunguka na chupa ya uji tukichungulia kitanda baada ya kitanda, na kila muuguzi alikuwa na hakika uko kwa mwenzake. Ulikuwa wa hospitali nzima, kwa hiyo hapakuwa na wa kutuonyesha ulipo.

Na mtaro wetu, wakumbuka? Ule wa mbele ya mlango, ambao mvua ikinyesha nusu saa tu, maji yapanda ngazi kama wageni waliokaribishwa. Dawa yake uliijua peke yako. Ijumaa, diwani akiwa bado ndani anamalizia dua, wewe hutoka mapema, hulitwaa kubadhi lake la kushoto kwenye viatu vya mlangoni, hulikalia pale barazani nje ya msikiti. Akitoka apata moja tu.

"Bwana Diwani," humwambia kwa adabu zote, "kubadhi lako li salama. Mtaro wangu je?"

Watu hucheka, naye hana budi kucheka nao, na ahadi hutoka mbele ya mashahidi. Mara moja tu alikufanyia kiburi. Alikwenda zake mguu mmoja mtupu, jua la saa saba, kwenye mawe yale yanayochoma, na wanawake wote wa mtaa tuko madirishani. Jumamosi asubuhi watu wa mtaro walikuwa mlangoni kwetu na makoleo. Kubadhi lenyewe hakurudi kulichukua. Wewe ukaliweka juu ya kabati, ukawa wawaambia wageni, "Hii ndiyo kadi yangu ya kura."

Mimi ni mwanamke, siwezi kukaa mlango wa wanaume na kiatu cha mtu. Lakini diwani wa sasa ana mamake, na mamake hununua leso kwangu. Nikimkunjia pea moja huku nikisema pole pole kwamba mtaro umeziba, kesho yake mwanawe apiga simu. Kila mtu na kubadhi lake, Baba.

Basi nikaenda kwenye kikao cha maoni, ukumbini Makadara. Mwenyekiti, bwana mpole mwenye tai, alitueleza kwamba tunapewa zawadi: badala ya diwani mmoja, tutakuwa nao wote. Nikasimama. Nikamwambia mtaro umefurika tena, na wiki jana Mama, kwa mkongojo wake, alishindwa kuvuka kizingiti akaikosa khitma ya kumrehemu shoga yake wa utotoni. Alikaa ndani amevaa buibui mpaka adhuhuri, akisubiri maji yapungue.

"Sasa hao wote," nikauliza, "mimi nikashike kiatu cha nani?"

Akasema cha yeyote nitakayempenda. Mzee mmoja nyuma yangu akanong'ona kwamba wengine katika hao watasali kanisani, na kule viatu havivuliwi. Ukumbi ukaangua kicheko. Mwenyekiti naye akacheka, akanishukuru kwa mchango wangu mchangamfu. Nilipopita mezani kwa karani nikayasoma maandishi yake kichwa chini, maana hicho nacho ni kipaji cha muuza duka. Aliandika: "Mengineyo: viatu."

Viatu, Baba. Mama yako mzazi, Mungu amrehemu, angalisikia angalizimia.

Jana ilikuwa siku ya mwisho ya kupokea maoni ya maandishi. Fomu yasema ambatanisha ushahidi, kama upo. Nikaliteremsha lile kubadhi la diwani kutoka juu ya kabati, nikalifuta vumbi, nikalifunga katika gazeti lile lile, nikaenda nalo. Karani alilifungua, akaligeuza, akauliza la pili liko wapi.

"Analo diwani," nikamwambia. "Ndivyo tulivyokuwa tukijuana."

Hakucheka. Aligonga muhuri, akaandika "kiatu kimoja, kushoto", akaliweka juu ya rundo la mafaili nyuma yake. Sijui atalisoma nani.

Jioni Mama akaona juu ya kabati patupu, akaniuliza kubadhi liko wapi. Nikamwambia limehamishwa wadi. Akaguna.

"Basi tia uji chupani," akasema, "ukalitafute."

Lala salama, Baba. Wewe angalau twajua ulipo.

Binti yako,
wa karatasi za kufungia