Gongo Chini Jua Likichwa

Jumanne, 3 Novemba 1998. Mjini Ibra, nchi ya Waarabu
Kandanda baada ya kufundisha shuleni. Goti la kushoto linauma. Wakati wa chai wachezaji wenzangu wakaniuliza mimi Mkristo wa kanisa gani. Nikajibu: mimi Myahudi, mzaliwa wa Eldoret, baba na mama vilevile. Wakatazamana. Chai yangu nikaimaliza. Mkataa kwao mtumwa.

Jumatano, 4 Novemba
Kocha wa kandanda kanitumia mtu: eti nipumzike kidogo. Goti silo lililomsumbua. Nimevaa viatu vyangu, nimekwenda, nimekaa benchi mpaka wamemaliza. Hasira tupu. Kesho naenda tena.

Alhamisi, 5 Novemba
Benchi tena.
Kandanda wakininyima nitaishi. Mpira wa magongo wakininyima, sijui. Kapteni Suleiman, golikipa wetu, alijifunza mchezo huu Unguja tangu kijana. Ndiye pekee hapa ninayempa shikamoo. Nimemwendea kabla hajasikia kwa watu. Nimemwambia mimi nani, na kwamba kesho kwenye fainali, jua likichwa, Sabato imeingia, naweka gongo chini. Akasugua ndevu. "Twaanza baada ya l'asiri. Itakwisha mapema, inshallah." Basi. Naogopa.

Ijumaa, 6 Novemba, mchana
Wapinzani wetu wa Nizwa hawajafika. Wamepiga simu: gurudumu limewapasukia njiani, Bidbid. Tutachelewa kuanza. Wenzangu wananitazama mimi, wanalitazama jua. Nitacheza, na nitatoka. Anayetaka kutukana atukane.

Jumapili, 8 Novemba
Jana Sabato, sikuandika.
Ijumaa tulianza jua limeshainama. Tukawa sare, bao moja kila upande. Jua likagusa mlima. Nikaweka gongo chini, nikatoka. Wakanizomea, na mmoja wetu akanirushia chupa ya maji. Sikukimbia. Nilitembea. Kufika ukingoni, adhana ya magharibi. Refa akapuliza filimbi, wote wakaenda kusali.
Waliporudi, taa za magari zikawashwa kumulika uwanja. Mchezaji wa akiba alikuwa keshavaa. Kapteni akamrudisha akakae. Wakacheza pungufu, nafasi yangu wazi. Tukafungwa. Nikarudi nyumbani kwa miguu.
Leo jioni Kapteni kaja na jezi yangu niliyoiacha uwanjani. Mkewe kaifua, kaipiga pasi. Nikamwamkia, nikangoja anifukuze timuni. Kala tende, kanywa kahawa. Kisha akasimama.
"Khalas, yamekwisha; kuanzia sasa mechi zetu Alkhamisi. Usije ukachelewa."
Jezi nimeitundika mlangoni. Goti bado linauma.