Mistari Miwili ya Shefu

Jumatatu, tarehe 4, mwezi wa tatu

Shefu, pusi wangu, amekula ndagala wake, visamaki vya ziwani, wamechemshwa bila chumvi. Kala nusu, kaniangalia, kamaliza. Kichupa cha insulini nimekiviringisha viganjani, sikukitikisa. Mistari miwili kwenye sindano. Espe kamshika shingo na kugeuza uso ukutani. Huyu wifi yangu amezika watu wengi, lakini sindano hawezi kuitazama. Nimevuta ngozi ya mgongo, nimechoma. Shefu hakutikisa hata sikio.

Halafu mashine ya kushona. Nguo za kwaya, rangi ya kijani, kola za duara. Nani alichagua kola za duara?

Hii ni wiki ya sita ya sindano. Daktari wa mifugo aliyempima ni mtu wa ng'ombe, kazi yake iko vijijini, Mutarule na Kiringye. Alicheka nilipomwambia pusi anakunywa maji kama mlevi na anakonda huku akila. Kisha tulimtoboa sikio, tukaweka damu kwenye mashine ya kupima sukari aliyoacha marehemu mume wangu, Baba Amani. 438. Hakucheka tena. Alimpigia mwenzake aliyesoma naye, wakazungumza kwa muda mrefu, akaniandikia: yunite mbili asubuhi, mbili jioni, baada ya kula. Alitaka kunieleza namna ya kuchoma. Nikamwambia asijisumbue. Baba Amani nilimchoma miaka sita.

Jumatano, tarehe 6

265. Inashuka. Bakuli la maji haliishi tena kabla ya saa sita.

Umeme haupo tangu jana, frigo ni kabati tu. Kichupa nimekiweka kwenye chungu, chungu ndani ya chungu kikubwa, mchanga wenye maji katikati, kitambaa kibichi juu. Baba Amani alinifundisha hivyo.

Mtaa mzima wa Kimanga unajua sasa. Mwenye duka la mbele kaniuliza kama pusi wangu ni mbunge. Nimemjibu kwamba mbunge hajawahi kunifukuzia panya. Waache waseme. Shefu analala juu ya vitambaa vyangu tangu mazishi, na nyumba yenye wajane wawili inahitaji kiumbe kimoja kisichohuzunika.

Ijumaa, tarehe 8

Sindano ndogo zimekwisha farmasi. Nina nguo nane za kumaliza, kwa hiyo Espe kaenda kutafuta. Kazunguka mpaka karibu na bandari, karudi saa tisa na pakiti moja, miguu vumbi tupu. Hizi ni nene kidogo kuliko zile. Sindano ni sindano. Nimemshukuru vibaya vibaya, nilikuwa na pini mdomoni.

Jioni, mistari miwili. Shefu kala vizuri.

Jumamosi, tarehe 9

Kidole nimekifunga kitambaa, kinauma. Naandika hivyo hivyo.

Asubuhi nilimchoma kama siku zote. Kwenye saa nne nilimsikia anakwaruza chini ya meza ya kukatia. Nikadhani panya. Nikainama. Alikuwa anajaribu kusimama na miguu ya nyuma haikubali. Kichwa kimeinama upande, mate yanamtoka, macho makubwa meusi hayanioni. Nilimwita. Hakugeuka. Akaanza kutetemeka mwili mzima.

Nikapima. 31. Nikapima tena kwa sababu sikutaka kuamini. 29.

Asali ilikuwepo, ile ya milimani, nzito. Nikampaka kwenye ufizi kwa kidole, kidogo kidogo, nisimzibe koo. Espe alishika kichwa. Wakati huu hakugeuza uso. Kidole changu kikang'atwa, damu na asali vikachanganyika, nikaendelea. Sijui ni dakika ngapi. Namba zikaenda 44, 58, halafu 90. Akalia mara moja, sauti ya kitoto. Nikakaa sakafuni na nikalia mimi pia.

Daktari kwa simu: msimchome leo wala kesho. Pimeni. Mpeni chakula kila anapotaka.

Kisha nikafanya jambo baya. Nikamwambia Espe: hizo sindano ulizonunua ni za wapi? Na asubuhi ulimpa chakula chote, au ulimpa nusu? Kanitazama.

"Minye sikubadilisha kitu. Uliniambia nilete serengi, nikaleta serengi."

Nikasema: basi zitakuwa zimeharibika. Naye akaingia chumbani kwake, akafunga mlango polepole. Ingekuwa afadhali angeupiga.

Jumapili, tarehe 10

Shefu anatembea. Anayumba kidogo kwenye kona. 310, na kwa leo hiyo ni nafuu.

Kanisani Espe kakaa benchi la mbele, mimi la nyuma. Watu wameona. Tumerudi nyumbani kwa njia moja, yeye hatua kumi mbele yangu. Kapika. Tumekula. Chumvi ilikuwa sawa, kila kitu kilikuwa sawa.

Bado nina hasira naye. Naandika ili nione kama ni kweli. Ni kweli.

Jumanne, tarehe 12

Daktari kasema leo jioni tuanze tena, kwa yunite moja tu. Nimechukua sindano mpya nikatafuta mstari wa kwanza. Sijui kwa nini nilitaka kuona na ile ya zamani. Moja ilibaki kwenye kopo la zilizotumika. Nimeziweka pamoja juu ya kitambaa cheupe, dirishani, nimevaa miwani ya kushonea.

Kwenye ile ndogo, kutoka sifuri mpaka kumi kuna mistari kumi. Kwenye hii nene kuna mitano.

Nimehesabu mara tatu. Nimehesabu kwa ncha ya pini. Mitano. Kila mstari hapa ni yunite mbili. Mistari yangu miwili ilikuwa yunite nne. Ijumaa jioni nne, Jumamosi asubuhi nne.

Mita yangu ya kushonea ina pande mbili, huku sentimita, huku inchi. Miaka zaidi ya thelathini nawakaripia wanaojifunza kwangu: angalia uko upande gani kabla hujakata. Nimemfukuza msichana mmoja kwa kosa hilo. Mbele yake, mbele ya wateja.

Hospitali walisema yunite tangu siku za Baba Amani. Daktari wa ng'ombe kaandika yunite, karatasi iko ukutani. Neno mistari ni langu mimi. Nililileta nyumbani humu kwa sababu mistari ndiyo ninayoijua.

Jioni sikumchoma. Nimemwambia daktari sindano hazifai, akaniahidi ndogo keshokutwa. Espe sijamwambia kitu.

Jumatano, tarehe 13

Sikulala vizuri. Jambo lenyewe nitaliandika mara moja na sitalirudia.

Mwezi wa mwisho wa Baba Amani, mvua zilikata barabara na sindano ndogo hazikupatikana. Tulitumia nene. Nazikumbuka. Macho yake yalikuwa yamekwisha, hakuweza kujaza mwenyewe. Alikuwa akiniuliza, mingapi? Nami namjibu, mistari kumi na minne, kama kawaida. Anasema sawa.

Hospitali walisema figo. Walisema na moyo pia umechoka. Huenda. Alikuwa amevimba miguu, hilo watu wote waliliona. Lakini asubuhi ile ya mwisho kola ya shati lake ilikuwa imelowa, na ilikuwa baridi, na aliniita jina la mama yake. Nilidhani sukari imempanda.

Ni kaka yake Espe. Kaka yake wa pekee.

Alhamisi, tarehe 14

Daktari kaleta sindano ndogo, pakiti mbili. Kampapasa Shefu tumbo, kasema huyu atakuwepo Krismasi tukiwa waangalifu. Kamsifu aliyempa asali. Nikamnyooshea Espe kidole. Espe akaninyooshea mimi.

Jioni nimejaza yunite moja. Nimeweka chini. Nimechukua. Nimeweka chini. Espe kashika pusi muda wote huo bila kuuliza. Mwishoni nikamwambia, leo sitaweza. Akamwachia Shefu, akaenda kuanika vyombo.

Ijumaa, tarehe 15

402. Anakunywa maji tena. Kanywa bakuli zima, kakojoa kwenye kitambaa cha kwaya.

Mkono huu umeshona magauni ya harusi ya nusu ya mtaa. Sasa unaogopa pusi. Namwogopa Espe zaidi. Nikimwambia ataondoka, na ana haki. Nikinyamaza nitakuwa nakula naye kila siku nikijua. Na nisipomchoma Shefu kwa sababu yangu mwenyewe, huyo naye nitakuwa nimemuua, na safari hii kwa kujua.

Jumamosi, tarehe 16

433. Hakula.

Jumapili, tarehe 17

Hatukwenda kanisani. Nilimwambia Espe mapema, kabla ya chai, alipokuwa anachagua mchele. Nilianza na sindano za pusi. Nikamwomba msamaha kwa maneno ya Jumamosi ile, kwamba kosa lilikuwa langu lote. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuchagua. Kisha nikamwambia ile nyingine. Sikuzunguka. Kola, baridi, mistari kumi na minne. Alipofika kwenye kokoto akaitoa, akaiweka pembeni.

Kisha akauweka ungo chini.

"Minye nilijua tangu siku ile ya asali," akasema. "Pusi alikuwa anatetemeka vile kaka alitetemeka. Weye ulikuwa unaangalia pusi. Minye nilikuwa nakuangalia weye."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema alikuwa anangoja kuona kama nitasema.

"Kaka alikuwa na figo, alikuwa na moyo, alikuwa na ile serengi. Siwezi kukuambia haiko weye. Siwezi pia kukuambia iko weye."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, kwa masanduku mlangoni, hata kwa msamaha. Kwa hili sikujiandaa. Akainuka, akaenda jikoni. Nikamsikia anasaga ndagala kwa uma na kumwita Shefu kwa ile sauti anayodhani siisikii. Shefu akala. Kidogo, halafu zaidi. Nilibaki kwenye kiti.

Akarudi amempakata. Akakaa mbele yangu, kwenye mwanga wa dirisha, akamshika shingo.

"Jaza," akasema. "Pusi amesha kula."

Nikaviringisha kichupa. Nikavuta. Alikuwa ananiangalia mikono, uso haukugeuka. Nikasema kwa sauti, yunite moja, nikampa sindano asome na yeye. Akaisogeza karibu na macho, akaiangalia kwa muda mrefu, huku kidole gumba kikihesabu.

"Moja," akasema, akanirudishia.