Lango la Shangazi na Ndovu wa Sagalla

Wakesho mdogo wangu,

Salamu kutoka kwa shangazi, huku Sagalla, ambako mvua imeshuka na kila mtu ana jembe. Nimeshiba kimanga, mihogo na maharagwe ya kupondwa, mpaka kupumua ni kazi, na bado ananiita mifupa.

Leo asubuhi tumekuta ndovu wamekanyaga mahindi yote, mara ya tatu msimu huu. Baada ya mara ya pili shangazi alilizungushia shamba ua wa mizinga ya nyuki ili kuwafukuza, lakini juzi aliuondoa mzinga wa langoni asije mgeni akaumwa. Mgeni ni mimi. Ndovu nao wamepitia langoni, kama wageni.

Nilitaka kulia. Yeye akajifunga leso kiunoni, akaanza kupanda upya. Nikamuuliza, "Shangazi, hizi nguvu unazitoa wapi?" Nilitarajia mstari wa Biblia. Akaelekeza kidevu kwa jirani, akaninong'oneza:

"Nikiacha, yule mama ataniuliza kila Jumapili kama nimechoka. Heri ndovu. Ndovu akishakula, huenda zake."

Kisha akanipa jembe na kurudisha mzinga langoni, kwa hivyo hata kutoroka siwezi.

Nasikia umeanguka tena mtihani wa udereva na umeapa hurudi. Rudi, mpenzi. Nitakupenda hata ukigonga nguzo ya tatu. Na kama hilo halikupi nguvu, kumbuka binamu yetu Mkamburi alipita mara ya kwanza, na hadi leo anatusimulia.

Dada yako wa malengelenge,
Mghoi