Shemeji, Bunduki Imeniumbua

Shemeji yangu Athumani, uliye mikononi mwa Mola,

Mghosi, mzee mwenzangu, usishtuke. Ni mimi Salehe, na mwandiko huu ni wangu mwenyewe. Ulipotutoka mwaka jana nilikuwa bado naweka dole gumba kwenye karatasi. Sasa niko kwenye kisomo cha watu wazima, nakaa dawati la mbele kwa ajili ya macho, na Mwalimu Rehema, binti aliye sawa na mjukuu wangu, kila siku ananiambia, “Babu, hiyo ni kalamu, si jembe, usiikandamize.” Juzi ametutaka kila mtu amwandikie barua mtu anayemkumbuka. Wenzangu wamewaandikia watoto wao walioko Tanga. Mimi umenijia wewe.

Huku hatujambo. Wametupanga upya kwa mambo ya kijiji cha ujamaa, na nyumba yangu sasa inatazamana na yako. Dada yangu, mkeo, ana afya na ulimi wake haujazeeka. Mfyulisi wako umezaa hata matawi yameinama, na watoto wanaiba mchana kweupe kwa kuwa hakuna wa kuwafokea. Nilijaribu kuwafokea mimi. Wakaniletea mawili nionje.

Sasa sikia hili. Darasani tunasomewa gazeti, na wiki moja gazeti lilizungumzia Ulaya. Wamejigawa makundi mawili makubwa, na kila kundi lina mkataba wa kulindana: akiguswa mmoja, wameguswa wote. Wamerundika mabomu na makombora pande zote mbili, wanatazamana, na hakuna anayethubutu kuanza. Na Mjerumani wako, mghosi! Wamemkata vipande viwili, kimoja kiko kundi hili, kingine kundi lile. Nilicheka mpaka Mwalimu akasimamisha somo. Nilitaka nitoke mbio nije nikuulize saluti yako sasa utampigia Mjerumani yupi. Nilikuwa nimeshainuka, ndipo nikakumbuka. Nikakaa.

Maana sisi vita vyao tulivijua. Wafalme wa huko waliahidiana kusaidiana, mmoja akagombana na mwenzake, na ahadi zao zikapanda milima mpaka huku Vuga kutafuta vijana. Wewe ukachukuliwa na Mjerumani. Mwingereza alipofika nikachukuliwa mimi. Tukarudi wazima wote wawili, ukamwoa dada yangu, na toka hapo tumepigana vita vile upya barazani kwako kila Ijumaa tukitoka msikitini. Wewe unasema, “Mimi sikukamatwa hata siku moja.” Mimi nasema, “Na mimi risasi yangu haikupotea hata moja.” Dada yangu akileta makande anatuambia, “Wenyewe walishapatana zamani. Nyie bado?”

Shemeji, risasi yangu haikupotea kwa sababu sikuwa nayo. Sikuwahi kuwa askari. Nilikuwa mpagazi. Nilibeba miguu ya bombomu, ile bunduki inayotema risasi kama mvua ya mawe. Mwenzangu alibeba mtutu, mwingine masanduku ya risasi, na mimi miguu yake ya chuma, kichwani, toka huku mpaka ng’ambo ya Rufiji. Niliporudi ulikuwa unasimulia mapigano mbele ya watu, na dada yangu anakusikiliza macho yamemtoka. Nikaona haya. Nikasema na mimi nilipiga bunduki. Uongo ule ukaota mizizi, ukawa mti.

Umeanguka siku ya sikukuu ya taifa. Kijana Bakari, kamanda wetu wa mgambo, alikuwa amewapanga wenzake uwanjani pale shule, wengi wao na bunduki za mbao. Watu walijaa. Akasema kwa sauti, “Tunaye hapa mzee aliyepigana vita vya Wazungu. Babu Salehe, shikamoo, hebu waonyeshe vijana bunduki inavyoshikwa.” Akanikabidhi ya kweli, nzito, baridi. Nikaigeuza. Sikujua hata jicho linawekwa wapi. Nilitafuta uso wako kwenye umati, nikijua kabisa haupo, kwa sababu wewe ungeinuka, ungeichukua mikononi mwangu na kusema mzee amechoka.

Basi mikono ikafanya inachokijua. Niliinyanyua ile bunduki nikaiweka kichwani, imelala, na mkono wa kushoto ukapapasa utosini kutafuta ngata ya kuwekea mzigo.

Uwanja ulikufa kwa kicheko. Bakari akasema, “Babu, hiyo si kuni!” Na mimi, sijui nilipata wapi moyo, nikawaambia ukweli wote palepale, bunduki ingali kichwani. Kwamba sikumpiga mtu. Kwamba nilikuwa punda wa mfalme nisiyemjua jina. Kicheko kikapungua, kikaisha. Mzee mmoja wa huku juu, ambaye naye miaka yote alijiita askari, akainuka polepole akasema, “Mimi nilibeba sufuria.” Hapo walicheka upya, lakini safari hii tulicheka wote, na vijana wakaja kutushika mikono.

Jioni nikaenda kwa dada yangu kuomba radhi. Nikamwambia kwamba kwa miaka yote nimemdanganya mumewe. Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua hata kichwa. Akasema, “Kaka, alijua.”

Mghosi, ulijua! Akaniambia ulivyokamatwa na Waingereza kule Rufiji. Ulikuwa umekalishwa chini na mateka wenzako, ukaona msafara wa wapagazi unapita, na katikati yake Salehe wa Vuga, miguu ya bombomu kichwani. Ukajifunika uso kwa kofia nisikuone. Dada akasema ulimwapisha asiseme kitu, kwa sababu ukinitaja kuwa mpagazi nitakuuliza uliniona wapi.

Nilicheka mpaka nikaketi chini, halafu nikalia kidogo, halafu nikacheka tena, na dada yangu anacheka mpaka maharage yanamwagika. Miaka hamsini na ushee! Wewe umeficha kofia yako, mimi nimeficha ngata yangu, na baina yetu hapajapita hata neno moja la kuumizana. Hao wakubwa wa Ulaya na makombora yao waje wajifunze hapa barazani.

Nimekukosa, Athumani. Ijumaa ni ndefu sana bila adui.

Karatasi inakwisha, na Mwalimu anasema barua njema haimchoshi msomaji. Pumzika, shemeji. Mkeo hatakosa kuni wala mtu wa kumsema, hilo naliapa. Na jambo moja zaidi. Mwalimu mkuu ameniomba wiki ijayo nikawasimulie watoto wa shule vita vile kama vilivyokuwa, na nimeahidi kutokuacha hata chembe ya ukweli, pamoja na ile habari ya mateka na kofia. Nimekuomba ruhusa kaburini leo asubuhi, mara tatu, kwa sauti. Hukukataa.

Wako,
Salehe, mpagazi