Neema, Mutu Mumoja Iko ku Mulango Yako

Neema, mujukuu wangu,

Ninakuandikia mu kaye, daftari ya masomo yako, ile uliacha nusu. Maandiko yangu unaijua, ni ya primaire, darasa ya tatu, kisha papa yangu alisema inatosha. Uliichekaka sana. Leo soma tu, usicheke.

Tangu tulikuzika, mvua moja imekwisha na ingine imeanza. Nyumba iko. Ukuta wa jikoni ulianguka upande wa jirani, mama Sifa, tukaurudishia. Furaha, rafiki yako wa masomo, mwenye mulikuwa munafanya naye ile kazi, anakujaka kila jumamosi akitoka ku soko. Alikonda. Nilimugombeza, nikamupa bugali na samaki ndogo za sambaza, akakula huku machozi inaanguka mu sahani. Mimi bado sijalia vizuri. Niko na hasira na wewe, nayo inanichukulia nafasi yote.

Ile kazi. Wewe ulikuwa unaita siti ya internete. Nilikuuliza siti iko ku kilima gani. Ulijibu kama haiko ku kilima, iko ndani ya ordinatere, kompyuta za watu wa Ulaya, walikupa kakona ka bure. Nikasema basi ni lupango, kiwanja ya kuazima. Ukafurahi, ukaandika juu yake na herufi kubwa: LUPANGO. Kila mutu mwenye vita ilitupa mbali anapata mule ndani paje yake, ukurasa na jina, na kijiji, na foto, anaita ndugu zake nao wanamuitika. Hapo nilisikia. Vingine hapana. Mupaka leo sisikie namna gani wewe uko ku makaburi, na foto yako ingali inacheka mule, na chini yake imeandikwa "iko". Nilimuuliza Furaha: iko wapi? Alizima ordinatere.

Ulijenga na vitu vya kuokota, sitasema uongo. Ordinatere mbili mbovu zenye ofisi moja ilitupa, ukatoa moja nzima. Zile paje ulizichora kwanza na makala, mukaa ya jikoni, ku karto za sabuni, ukazitandika ku kitanda yangu, mimi mutu muzima nikalala ku kiti. Na foto ulizikata ndogo kama tembre ya barua, sababu laini ya internete ilikuwa nzito na kakona kalikuwa kadogo. Nilikuuliza kama hii ni sura ya mutu ao ni mavi ya inzi. Ulisema, "Koko, inatosha. Mutu anajua wake."

Sheria ya mulango ni mimi nilikupa. Nilikuambia mu lupango mutu haingiake tu. Anaingia na mwenye kumujua, na ule mwenye kumujua anasema, "Huyu ni wangu." Na mu wakati hii ya bunduki, si kila mwenye kutafuta mutu anamutafuta juu ya kumukumbatia. Siku ile ulinisikia, mara ya kwanza mu maisha yako. Ukapanga vile: mugeni anaandika maneno kidogo ku mulango, bila namba ya telefoni, na anangojea mwenye iko ndani aseme ni wake. Siku makumi tatu zikipita bila mutu kusema, jina yake inafutika yenyewe.

Kisha ukaenda Luberizi. Wakulima wa mupunga hawana ordinatere, ulisema, nitawaandika mu kaye, nitawapiga foto. Sikukukataza. Hiyo njo inanikula. Mimi mwenye kukataza kila kitu, siku ile nilikufungia sambaza mu karatasi nikasema rudia mbele ya mvua. Mu kurudia, gari yenu ilipigwa risasi mbele ya kufika Luvungi. Nani alipiga, kila mutu anataja wengine. Kaye ya majina ilirudia. Furaha aliwaingiza wale watu wa mupunga wote, mumoja mumoja.

Sasa sikia kosa yangu, juu sitaki uisikie kwa mwingine.

Nyumba yenye kilio haifungake mulango, unajua. Hata mwenye mulikosana naye anaingia, anakaa ku benchi, anakunywa pombe yake ya kasiksi, anaenda. Nilimuambia Furaha afungue na ile mulango ya ndani ya ordinatere, mujukuu wangu haliliwe na mulango imefungwa. Alisema, "Koko, hii haiko sawa na ile." Nilimuuliza ni nani alimuzaa juu anifundishe kilio. Akafungua, siku saba. Watu waliingia kama siafu. Walikulilia vizuri, siwezi kusema hapana. Wakaandika kila kitu chetu: jina ya papa yako, kamyo yake, ile lori, mudomo wangu mukali, hata muti wa avoka ya mama Sifa yenye inalala upande wetu. Wengine waliingia juu ya kuuza mafuta ya kung'arisha ngozi. Na wengine walikaa kimya, wanasoma.

Nyuma ya kufunga mulango tena, mama mumoja wa Uvira alipata barua ya kaka yake iko analia shida. Kaka yake alikuwa naye ku meza, anakula. Tukacheka. Kisha mwingine aliulizwa anakaa nyumba gani, na wanalala wangapi. Ule alihama. Hatukucheka tena. Ni mimi nilifungulia wale watu, Neema, na desturi yangu mu mukono.

Na sasa mutu mumoja iko ku mulango. Anajiita Deo. Anasema ni papa yako.

Deo wangu, mutoto wangu. Mwenye alienda na kamyo upande wa Walikale mu vita ya kwanza, wewe ungali na meno ya maziwa, hatukuona hata gurudumu. Haukuniambiaka, lakini nilijua. Ile lupango yote uliijenga juu ya kumungojea yeye. Wale wengine walipata bahati tu.

Aliandika hivi: "Neema, ni papa. Niko Brazzaville. Unifungulie."

Anakuomba wewe. Kama alisoma kilio chako, angejua kama haupo. Basi hakusoma, basi ni yeye. Nikafurahi mupaka nikakaa chini. Kisha nikawaza: muongo mukali njo angeandika vile vile. Nikasimama. Toka siku ile ninakaa, ninasimama.

Nilienda kuona foto yenye aliweka ku mulango. Deo alikuwa na kovu ku nyusi, mbuzi ilimupiga teke. Nikavaa miwani yangu, juu yake nikavaa ya mama Sifa. Ku nyusi ya ule mutu iko kitu. Furaha akapanguza kioo na kikwembe, ile kitu ikabakia. Ni kovu, ao ni kivuli ya kofia, ao ni ile ujinga yako ya kukata foto kama tembre. Mutu anajua wake, ulisema. Sijue wangu, Neema. Nilimuzaa, na sijue.

Nikamuandikisha Furaha swali ku mulango, na jina yangu mama yake. Nikauliza: siku ya komunyo yako ulivunja nini? Akajibu, "Sikumbuke nilivunja nini. Nakumbuka ulinipiga na mwiko." Mama Sifa alicheka mupaka akajishika tumbo: "Maman, nani mu Bukavu hakupigwa na mwiko?" Kweli. Lakini kila muongo angetaja kitu, sahani, kioo, kitu yoyote. Ni Deo njo hakumbukake.

Kisha akaongeza: "Ile avoka ingali inaanguka ku mabati na kutushitusha?" Watu wa kilio waliandika juu ya avoka. Nilimuomba Furaha atafute kama waliandika juu ya mabati. Akatafuta saa mbili, hakuna. Lakini avoka yenye iko pembeni ya nyumba itaanguka wapi, kama si ku mabati? Nilikaa na ile mabati siku tatu. Nilichoma mboga ya sombe ku sufuria. Mimi.

Kesho njo siku ya makumi tatu.

Furaha alisema njia ni mbili. Anajua neno yako ya siri, anaweza kufungua na jina yako, aandike "huyu ni wangu" kama vile ni wewe. Nikamuambia aondoke na hiyo mawazo mu nyumba yangu. Mwenye kufa hasemeshwe. Njia ya pili, mimi mwenyewe nipate paje. Mimi mwenye, siku ulitaka kunipiga foto, nilikujibu kama siko kalenda ya kutundika ku ukuta.

Mama Sifa yeye alisema nimujibu pale ku mulango, nimuambie ulikufa, nione atafanya nini. Nilikata shauri ya vile, nikachukua na kalamu. Nikairudisha chini. Habari ya kufa haitolewake ku mulango. Mutu wa safari anaingia kwanza, anakaa, anapewa maji, kisha mukubwa wa nyumba anamuambia. Hata kama ni muongo. Na kama ni Deo, miaka yote ile mu njia, halafu nimutupie kifo ya mutoto wake angali amesimama inje?

Basi jana nilivaa kikwembe ya Pasaka, Furaha akanipiga foto. Alisema nicheke. Nikamuambia apige. Niko mule sasa, kadogo kama mbegu ya haragi, nakunja sura. Furaha mwenyewe njo alisema "huyu ni wangu," juu yangu.

Kesho nitasema ni wangu. Sijue kama ni kweli. Lakini Furaha amepanga ule mutu aone paje yangu tu, wengine wote wafichwe, mupaka mimi nitoe ruhusa. Wale wa mupunga hatawaona. Mama wa Uvira hatamuona. Kama ni muongo, atanidanganya mimi peke yangu, na mimi nimezoea. Kama ni papa yako, nitamukaribisha, nitamuuliza safari, kisha nitamuambia polepole vile ulikuwa, na vile ulikufa. Nitaanza na zile karto za sabuni.

Ninakuahidi hii, Neema: mulango haitafunguliwa tena ovyo. Kila jumamosi nitakaa pale na Furaha, nitasoma mwenyewe, jina kwa jina, hata kama inanichukua siku nzima. Na lile neno "iko" chini ya foto yako, nimekataza litolewe mbele ya Deo kufika. Akisha kuambiwa, tutalitoa sisi wawili.

Lala sasa, mwana wangu. Bado nakukasirikia.

Koko yako.